Kisima kimoja, TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji) namba tatu: 305, 427 na 412. Mwongo ni nani?

#1 Kisima_Ngaramtoni

Wakuu, habari za Jumapili.

Nina kisima nyumbani huku Ngaramtoni, tulichimba mwaka juzi. Maji meupe, hayanuki, sabuni inatoa povu mpaka unachoka kusuuza. Tunakunywa, tunapikia, ng'ombe wanakunywa.

Wiki tatu zilizopita akapita kijana anayeuza mashine za kuchuja maji. Akachomoa kalamu ya kupimia TDS, akaitumbukiza kwenye glasi ya maji yangu: 427. Akaitumbukiza kwenye maji aliyokuja nayo: 12. Kisha akatoa kidude chenye vyuma vinne, akakichomeka kwenye umeme, vyuma viwili kwenye glasi yangu na viwili kwenye yake. Haikufika dakika mbili maji yangu yakawa rangi ya ugoro, na mapovu ya kijani juu. Yake yako vilevile. "Hivi ndivyo mnavyokunywa," akasema. Mke wangu aliniangalia kama mtu aliyekamatwa akiwawekea watoto sumu.

Bei ya mashine ni ng'ombe wawili na ndama.

Mimi mbishi kidogo. Nikanunua kalamu yangu mjini, nikapima maji yaleyale: 305. Nikasema basi twende kwa wataalamu. Nikapeleka chupa maabara, nikalipia TDS tu, majibu yamekuja Ijumaa: 412 mg/L (miligramu kwa lita).

Sasa nishike lipi? Na ile rangi ya ugoro ni kitu gani? Wajuvi naomba mnisaidie kabla ng'ombe hawajaondoka zizini.

#2 dogo_wa_sakina

Jumlisha zote tatu gawanya kwa tatu mkuu, tuendelee na maisha.

#3 Kalamu_Nyekundu

Ya maabara ndiyo sahihi. Hizo kalamu za elfu ishirini ni midoli. Uzi ufungwe.

#4 Mzee_wa_Mizani

Usifungwe kwanza.

Kijana wa Ngaramtoni, nimefanya kazi ya kupima maji miaka mingi kabla sijarudi kulima kahawa yangu, kwa hiyo nivumilieni, nitaandika kirefu.

Nianze na ile ngoma ya vyuma, maana ndiyo iliyomtisha mama. Vyuma vile kimoja huwa cha chuma cha kawaida. Umeme ukipita kwenye maji, chuma kinayeyuka, kinakutana na hewa na maji, kinakuwa kutu. Rangi uliyoiona ni kutu ya kidude chenyewe, haikutoka kisimani kwako. Maji yake hayakubadilika kwa sababu yamechujwa mpaka hayana chumvi, na maji yasiyo na chumvi umeme haupiti, hivyo chuma hakiyeyuki. Akirudi mkaribishe kwa heshima, tia kijiko kimoja cha chumvi ya mezani kwenye glasi *yake*, kisha mwambie awashe tena. Utaona ugoro mzito kuliko wa kwako.

Sasa namba. Kalamu yako haijawahi kupima TDS hata siku moja. Kalamu haina mizani ndani. Ina vyuma viwili vidogo vinavyopima jinsi umeme unavyopita kwenye maji, basi. Kipimo hicho wenyewe wanakiita EC, na huandikwa kwa mikrosimensi kwa sentimita. Baada ya hapo kalamu inachukua hiyo EC na kuizidisha kwa namba aliyoiweka mtengenezaji, kisha inakuandikia jibu kwenye kioo na kuliita TDS.

Na watengenezaji hawakubaliani namba hiyo iwe ngapi. Wapo wanaozidisha kwa 0.5, wakidhani maji yako ni kama chumvi ya mezani tu. Wapo wanaozidisha kwa 0.7, wakichukulia mchanganyiko uitwao 442: sodiamu salfeti sehemu 40 kwa mia, sodiamu bikaboneti 40, na chumvi ya mezani 20. Maana yake ni kwamba maji ya dunia nzima yamefananishwa na chupa moja ya maabara.

Chukua 305, igawe kwa 0.5. Chukua 427, igawe kwa 0.7. Niletee jibu.

#5 Kisima_Ngaramtoni

Shikamoo mzee. 610. Zote mbili 610!

#6 Mzee_wa_Mizani

Marahaba. Basi kalamu yako na ya yule kijana zimesema kitu kilekile. Hakuna aliyedanganya, kila moja ilitafsiri kwa kamusi yake.

#7 dogo_wa_sakina

Dah. Nimekaa chini.

#8 Mama_Nyanya_Usa

Mzee naomba niulize hapohapo. Mimi nalima nyanya za umwagiliaji wa matone Usa River, napima maji ya tanki kila siku. Asubuhi saa kumi na mbili kalamu inasema 260, saa nane mchana tanki lilelile 340. Nimefikiri kuna mtu anatia kitu. Nimeshagombana na mlinzi.

#9 Mzee_wa_Mizani

Mwombe mlinzi radhi, mama.

Maji yakipata joto umeme unapita kwa urahisi zaidi, kama asilimia 2 kwa kila nyuzi moja. EC huripotiwa kama vile maji yako kwenye nyuzi 25. Tanki la plastiki juu ya mnara linalala na baridi ya Meru, asubuhi maji yana nyuzi 15 au 16, mchana jua limeyachemsha yanafika 28. Kalamu isiyojirekebisha joto itakupa tofauti ya robo nzima bila mtu kugusa tanki. Na hata yenye kujirekebisha inahitaji muda. Ukiichomoa kwenye dashibodi ya gari iliyopigwa jua na kuitumbukiza kwenye maji baridi, kihisio cha joto bado kina joto la gari. Iache dakika moja au mbili, ikoroge taratibu, usome namba ikitulia.

Tukiwa hapo: igonge kidogo kwenye ukingo wa glasi, kiputo cha hewa kikikaa katikati ya vyuma namba inashuka. Na wewe unayepima maji ya mbolea, ukiiweka mfukoni bila kuisuuza chumvi inaganda kwenye vyuma, kesho yake maji ya mvua yatasoma kama ya kisima.

#10 Mama_Nyanya_Usa

Mfukoni ndiko inakokaa 🙈 Ahsante mzee. Mlinzi nitampelekea nyanya.

#11 Kalamu_Nyekundu

Bado hoja yangu iko palepale. Maabara wamepima kweli, kwa mizani. 412 ndiyo TDS ya kweli.

#12 Mzee_wa_Mizani

Ndugu yangu, ningefurahi ingekuwa hivyo. Nimepima kwa mizani maelfu ya sampuli na nakwambia hiyo nayo ina kamusi yake.

Kazi inakwenda hivi. Unachuja maji kwa karatasi ya nyuzi za kioo. Kinachopita kinaitwa kilichoyeyuka, kinachobaki juu kinaitwa kinachoelea. Mpaka huo ni makubaliano ya watu, maumbile hayaujui. Udongo laini kabisa wa mfinyanzi unapita kwenye kichujio na kuhesabiwa kama umeyeyuka, na haujayeyuka. Wakati wa masika hilo linasumbua sana.

Kisha unachukua kibakuli cha kauri ulichokwisha kukikausha na kukipima, unamimina maji, tuseme mililita 100, unayapasha moto yakauke taratibu bila kutokota, maana yakitokota yanaruka nje na chumvi yake. Halafu oveni nyuzi 180, walau saa moja. Kinatoka, kinapoa ndani ya desiketa, lile tungi la kioo lenye chembe za kunyonya unyevu chini. Unapima. Unarudisha ovenini, unapoza, unapima tena, mpaka uzito usibadilike.

Maji yako ya 412 kwenye mililita 100 yanaacha miligramu 41 tu. Chembe ya vumbi. Ukikosea miligramu moja, jibu linasogea kwa 10. Na miligramu moja inapotea au kuongezeka kirahisi: alama ya kidole kwenye kibakuli, kibakuli ambacho bado kina joto (hewa inapanda juu yake, mizani inakiona chepesi), desiketa ambayo chembe zake zimeshachoka na hakuna aliyezibadilisha tangu mwaka jana. Umeme ukikatika oveni ikiwa katikati ya kazi ndiyo usiseme. Nikiona ripoti imeandikwa TDS 412.37 huwa nacheka peke yangu. Hiyo .37 ameipata wapi?

Lakini hayo ni makosa ya mkono, mtu makini anayapunguza. Lililo kubwa liko kwenye moto wenyewe. Maji ya mlima wetu yamejaa bikaboneti. Bikaboneti ikikaushwa haibaki bikaboneti, inageuka kaboneti, na sehemu nyingine inaondoka kama maji na hewa ya kaboni. Karibu nusu ya uzito wake inapotelea kwenye dohani. Kwa hiyo mizani haikupima kilichokuwa kwenye maji yako, imepima kilichosalia baada ya kuunguzwa.

Kuna upande wa pili pia. Maji yenye salfeti ya kalsiamu nyingi hung'ang'ania maji ndani ya fuwele zake hata kwenye joto, na yenye kloridi ya magnesiamu hunyonya unyevu wa hewa wakati unahangaika kukifikisha kibakuli kwenye mizani. Hayo uzito unazidi. Huku Arusha siyo shida yetu sana, sisi ni watu wa magadi.

#13 binti_kibosho

Mzee hapo kwa kinachoelea umenigusa. Kwetu Kibosho tuna mfongo, yaani mfereji wa maji, unaopita juu ya shamba la bibi. Kiangazi maji ni kioo, kalamu inasema 70. Masika yanakuja kama uji wa ulezi, kalamu inasema 45! Mjomba akatangaza kwamba masika ndiyo maji safi zaidi.

#14 Mzee_wa_Mizani

Mjomba asichekwe, namba ni sahihi. Tope halijayeyuka, halibebi umeme, kalamu hailioni. Na mvua imeizimua ile chumvi kidogo iliyokuwepo. Kalamu pia haioni vijidudu, wala dawa ya kunyunyizia kahawa, wala kinyesi cha ng'ombe wa jirani wa juu.

Wala haioni sukari. Jaribuni nyumbani: maji ya chupa, pima, tia vijiko viwili vya sukari, koroga, pima tena. Umetia maelfu ya miligramu na kalamu imelala usingizi. Sukari haina chaji. Na iko kitu kingine cha namna hiyo kwenye maji ya milima ya volkano: silika. Inayeyuka kutoka kwenye mawe, iko kwenye maji, mizani inaiona, kalamu haiioni.

#15 kipima_joto

Nami niongeze kwa wanaotaka kujua kalamu zao zinazidisha kwa ngapi bila kununua maji ya kupimia yenye EC ya 1413. Chukua maji ya betri, YALE YA KUONGEZEA, siyo asidi jamani. Kaanga chumvi ya mezani kwenye kikaango kikavu itoe unyevu. Pima gramu 10 kwa mizani ya sonara, yeyusha ujaze mpaka lita moja. Toa mililita 100 za hayo, ujaze tena mpaka lita moja. Hapo una gramu moja kwa lita. EC yake ni karibu 2000. Kalamu ikisema karibu 1000, ni ya 0.5. Ikisema karibu 1400, ni ya 0.7. Ikisema 1150, rudi dukani.

Usipime gramu moja moja kwa moja, mizani ile inayumba, kosa la gramu 0.05 kwenye gramu moja ni kubwa, kwenye kumi halionekani.

#16 Kisima_Ngaramtoni

Nimerudi wakuu, samahani kwa kimya. Mzee wa Mizani alinifuata inbox akaniambia nilipie vipimo kamili. Nimefanya. Chupa nimeisuuza mara tatu kwa maji yenyewe kama alivyoagiza, nikaijaza mpaka mdomoni isibaki hewa, nikaiweka kwenye barafu, nikaifikisha siku hiyohiyo. Majibu, yote mg/L:

Sodiamu 120, potasiamu 15.6, kalsiamu 10, magnesiamu 3.6, bikaboneti 317, kloridi 17.7, salfeti 19.2, nitrati 6.2, floraidi 3.8, silika 60. EC 610.

Mnisomee.

#17 Mzee_wa_Mizani

Kazi nzuri, hii ni ripoti ya mtu makini, nitawaonyesha ninavyojua.

Kwanza nageuza kila kimoja kuwa milikwivalenti, yaani nahesabu chaji badala ya uzito. Zenye chaji chanya zinanipa 6.4. Zenye chaji hasi zinanipa 6.4. Maji hayana chaji, kwa hiyo pande mbili lazima zilingane. Zingepishana sana ningejua kuna kipimo kimekosewa. Pili, EC ukiigawa kwa 100 inatakiwa ikaribie namba hiyo. 6.1. Vizuri.

Sasa jumlisha uzito wa vyote, na silika ndani.

#18 dogo_wa_sakina

573 na kidogo. Mzee sasa zimekuwa namba nne!!

#19 Mzee_wa_Mizani

Ndiyo, nne. Hicho 573 ndicho kilichomo kwenye maji yakiwa bado maji. Sasa yapeleke ovenini kwa kalamu na karatasi: bikaboneti 317 zidisha kwa 0.492, inabaki kama 156. Zimepotea 161. Toa kwenye 573.

#20 dogo_wa_sakina

412 😳

#21 Kalamu_Nyekundu

Sawa. Naondoa "uzi ufungwe".

#22 Mzee_wa_Mizani

Kwa hiyo wenzangu mtu akiwaambia TDS ni ngapi, muulizeni kaipataje. Amekausha nyuzi ngapi, 105 au 180? Amejumlisha? Amezidisha EC kwa ngapi? Mimi siku hizi nikitaka kulinganisha kisima na kisima naandika EC yenyewe na joto la maji, TDS naachana nayo. EC haijatafsiriwa na mtu.

Na kwa ladha, Shirika la Afya Duniani husema maji chini ya 600 hivi kwa kawaida hunyweka vizuri, yakizidi 1000 watu huanza kuyakataa. Hicho ni kipimo cha ulimi. Kati ya 305 na 427 hakuna mtu anayekufa.

#23 binti_kibosho

Mzee, kwa heshima zote. Mnajadili 305 na 573 na wote mmeiruka ile 3.8.

#24 Mzee_wa_Mizani

Sijairuka, nilikuwa naisogelea. Lakini endelea wewe binti, mimi nimeongea sana.

#25 binti_kibosho

Mimi nimesomea mambo ya meno kwa hiyo nitasema la kwangu. Floraidi, kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu mpaka 4, baadaye kikashushwa kufika 1.5. Kisima hiki ni mara mbili na nusu. Kaka wa Ngaramtoni, una watoto wa umri gani?

Meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya fizi mtoto akiwa mdogo, mpaka kwenye miaka minane hivi. Ile kahawia mnayoiona Maji ya Chai, King'ori, Oldonyosambu, inaingia wakati huo, siyo kwamba watu hawapigi mswaki. Floraidi inatoka kwenye mawe ya Meru, na maji yenye sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo kama haya ndiyo yanayoibeba vizuri, kwa sababu kalsiamu ingekuwa nyingi ingeishika.

Na angalieni uzito wake: 3.8 ndani ya 573. Hata ukiiondoa yote kalamu isingetikisika. Unaweza kuwa na kisima cha TDS 150 chenye floraidi mbaya na kingine cha 600 kisicho nayo.

#26 Kisima_Ngaramtoni

Wa mwisho ana miaka mitatu. Wa kwanza tisa, na meno yake ya mbele yana madoadoa, tulifikiri ni pipi.

Kuchemsha kunasaidia?

#27 binti_kibosho

Hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi inabaki sufuriani na maji yamepungua, kwa hiyo inazidi kidogo. Na kama mnatia magadi kwenye makande au maharage yaive haraka, punguzeni, magadi nayo huwa na floraidi.

#28 kipima_joto

Kejeli ya dunia: mashine ya yule kijana, kama ni RO kweli (inayosukuma maji kupita kwenye utando laini sana), ingeitoa hiyo floraidi. Alikuwa na bidhaa inayofaa akaiuza kwa kiini macho cha kutu.

#29 Mzee_wa_Mizani

Hilo limeniuma kuliko yote.

Ila siyo lazima ng'ombe wawili. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulika na jambo hili miaka mingi, wanatumia mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa utaratibu, inasagwa, maji yanapita humo na floraidi inanaswa. Mkaa huo unachoka, lazima ubadilishwe, na kujua umechoka ni mpaka upime floraidi yenyewe. Kalamu haitakwambia. Nenda kawaone. Usichome mifupa mwenyewe nyuma ya jiko, ukiunguza vibaya maji yatanuka na floraidi itapita.

Wakati huo huo una bati. Vuna mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia, kisima kibaki kwa ng'ombe, kufua na bustani.

#30 Mama_Nyanya_Usa

Bustani asimwagilie kiholela mzee, sodiamu 120 na kalsiamu 10, udongo utaganda kama sakafu. Mimi imenikuta. Achanganye na maji ya mvua au ya mfereji, na samadi ya kutosha.

#31 Mzee_wa_Mizani

Mama amesema kweli, hapo nimenyamaza.

#32 Kisima_Ngaramtoni

Mrejesho. Jumamosi ilinyesha. Maji ya kwanza ya bati nilimwaga, kalamu ilisema 41, vumbi na mavi ya ndege. Yaliyofuata 8. Tanki la lita elfu mbili limejaa, ni la kunywa tu, mke ameliandika kwa rangi. Ngurdoto naenda Jumatano.

Kijana wa mashine alirudi jana. Nilimkaribisha chai, nikamwomba awashe kidude chake kwenye glasi yake baada ya mimi kutia chumvi. Ilipogeuka rangi alikaa kimya, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama najua mahali anapoweza kusoma haya mambo. Nimempa kiungo cha uzi huu. Kama uko hapa kijana, salamu.

#33 mauzo_maji_ar

Nipo wakuu. Nasoma kuanzia #1. Mzee wa Mizani, shikamoo. Kipima_joto, yale maji ya chumvi ya gramu moja yanakaa siku ngapi kwenye chupa kabla hayajaharibika?

#34 kipima_joto

Ukifunika vizuri, miezi. Adui ni kukauka, chupa ikikaa wazi maji yanapungua na chumvi inazidi. Tumia chupa yenye kifuniko kinachokaza, na usirudishe humo yale uliyotumbukizia kalamu. Niko Sakina, ukitaka njoo na kalamu yako Jumamosi tuipime.

#35 dogo_wa_sakina

Nami naja na yangu. Nitaleta na sukari.